Nukta Yenye Kikonyo

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, anaishi Columbus katika jimbo la Ohio, Marekani, ambako ana duka dogo la vyakula vya kwetu. Mnamo Januari 2026 aliniletea kwa simu picha alizopiga kwa muuza silaha: vioo vitatu vidogo vya kulengea, kila kimoja kimelazwa juu ya kiganja chake ili nipate kukisia ukubwa. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mjomba. Nataka kilicho chepesi kuliko vyote, maana bunduki yenyewe ni ya mtutu mfupi. Wewe umefundisha watu shabaha maisha yako yote. Nichukue kipi?"

Kabla sijamjibu, alinipigia mama yake kutoka Unguja. Yeye hakuwa na picha wala swali. "Kaka," alisema, "mtoto huyu anakusikiliza wewe kuliko anavyonisikiliza mimi. Mwambie hakuna kimfaacho. Mwambie macho ya ukoo wetu hayawezi vioo hivyo. Wallahi hutakuwa umesema uongo mkubwa."

Nilikaa na maombi hayo mawili kwa muda wa wiki mbili. Ninayaeleza hapa kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi ni watu waliozoea kupima, na mambo haya yote, tangu mwanzo hadi mwisho, yalikuwa ni ya kupima.

Habari hizo zilinikuta Kagunga. Kwa msomaji wa visiwani ambaye hajapata kufika huko, Kagunga ni kijiji kilicho ukingoni kabisa mwa nchi, kaskazini ya Kigoma, katika ufuo wa Ziwa Tanganyika. Kusini yake iko hifadhi ya Gombe, kaskazini yake ni Burundi, na nyuma yake milima imesimama wima hata nyumba zimebanwa baina ya jabali na maji kama watu waliopanga foleni. Mtu aghalabu hufika kwa boti za kutoka Kibirizi. Mke wangu ni mzaliwa wa hapo. Mimi ni mtu wa Unguja niliyepelekwa mkoani Kigoma ningali kijana, nikawa mkufunzi wa shabaha katika kambi moja kwa miaka kumi na tisa, na tangu nilipostaafu tunakaa nusu ya mwaka kwao na nusu kwetu.

Nianze na bunduki yenyewe, maana dada yangu hakuitaja hata kwa jina, kana kwamba kuitaja ni kuiingiza nyumbani. Mwaka 2024, saa ya kufunga duka, waliingia watu wawili, wakamlaza mpwa wangu kifudifudi baina ya magunia ya mchele, wakamwekea bastola kisogoni, wakachukua fedha za wiki nzima. Hawakumjeruhi. Lakini tangu hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, kila kengele ya mlango inapolia shingo yake huingia baridi. Akaamua kununua silaha ya kuiweka nyuma ya kaunta, na kwa kuwa nyuma ya kaunta pana nafasi ya mtu mmoja na mizani ya kupimia dagaa, akataka iliyo fupi.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 inaiona bunduki yenye mtutu wa chini ya inchi 16 kuwa ni kitu cha pekee. Lazima isajiliwe kwa serikali kuu, mwenyewe atoe alama za vidole na picha, na kwa zaidi ya miaka tisini mtu alilipa na dola 200 juu yake. Ada hiyo iliondolewa kuanzia tarehe 1 Januari 2026, usajili ukabaki. Ndiyo sababu ujumbe wa mpwa wangu ulinifikia mwezi ule na si mwingine. (Washairi watanisamehe: nilipoisoma namba ile nilicheka peke yangu. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na anayepunguza huitwa barazani akajieleze. Sikujua kwamba na Wamarekani wana kipimo hicho hicho kwa mitutu.)

Mtutu ukifupishwa, risasi hutoka na kasi ndogo zaidi, mlio na mwako wa mdomoni huwa mkubwa zaidi, na silaha nzima huwa nyepesi kwa mbele, rahisi kugeuzwa mahali finyu. Ukiipachika juu yake darubini nzito umeiondolea faida uliyoitafuta. Kwa hiyo sikumcheka kijana kwa kutaka chepesi. Ziwa lile lile nililokuwa nikilitazama lina kisa chake juu ya jambo hilo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza Waingereza walileta mashua mbili ndogo za mbao, Mimi na Toutou, kutoka Rasi ya Tumaini Jema kwa reli, kwa magari ya mvuke na kwa maksai, hadi upande wa Kongo wa Tanganyika. Kila moja ilibeba mzinga mdogo gubetini, lakini mashua zilikuwa nyepesi kiasi kwamba mzinga huo uliweza kupigwa kuelekea mbele tu, kwa kuhofia kishindo chake kisiivunje mashua yenyewe. Nahodha aliyetaka kulenga ilimbidi aigeuze mashua nzima. Hata hivyo, tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani, kwa kuwa nayo ilikuwa na mzinga usioweza kupiga nyuma. Kwenye chombo chepesi, uzito wa kitu kidogo huamua mambo makubwa.

Lakini swali la mpwa wangu halikuwa la uzito, ingawa yeye alidhani ndilo. Lilikuwa la jicho.

Tulipokuwa tukiwafundisha vijana kwa bunduki zile tulizoziita SAR na SMG, somo la kwanza lilikuwa juu ya vitu vitatu. Kuna kipengo cha nyuma, kilicho karibu na shavu la mpigaji. Kuna kijiti cha mbele, kilicho mwisho wa mtutu. Na kuna shabaha, iliyo mita mia moja au mia mbili huko. Jicho la binadamu halikuumbwa kuona kwa uwazi masafa matatu kwa wakati mmoja. Likishika moja, mawili hufifia. Basi askari hufundishwa kuchagua, na chaguo hilo ni moja duniani kote: tazama kijiti cha mbele. Kipengo cha nyuma kiache kififie. Na shabaha pia iache ififie, iwe kama kitu kilichomo ndani ya ukungu. "Kijiti! Kijiti! Kijiti!" Nilikariri amri hiyo mpaka mke wangu akawa ananitania kwamba naisema usingizini.

Nilikuwa nimekwisha staafu nilipoanza kuifikiri kwa namna nyingine. Kumbe kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nikiwafundisha vijana wa watu wasimtazame wanayempiga. Si kwa ubaya; ni kwa maumbile ya jicho na chuma. Askari mwenye shabaha nzuri ni yule aliyeweza kuzuia jicho lake lisikimbilie kwa adui. Adui awe kivuli tu, umbo lililosimama juu ya ncha ya kijiti. Neno letu lenyewe, shabaha, sikioni mwangu limekaa mlango wa pili na shabihi, na sijui mara ngapi nimejiuliza ni ujirani gani huo, wa kulenga na wa kufanana.

Sasa, kioo cha nukta nyekundu kinaivunja amri ile. Si darubini: hakikuzi kitu wala hakivuti kitu karibu. Ndani yake mna taa ndogo mno, ndogo kuliko kichwa cha sindano, inayotupa mwanga wake kwenye kioo kilichopindwa kidogo na kupakwa utando unaorudisha wekundu na kuziachia rangi nyingine zipite. Mwanga huo hurudi jichoni ukiwa umenyooka sambamba, kama unavyokuja mwanga wa nyota, na jicho hudanganyika likadhani nukta ile iko mbali, huko huko iliko shabaha. Hapo hakuna tena vitu vitatu. Mtu hufumbua macho yake yote mawili, humtazama aliye mbele yake kwa uwazi kamili, na nukta huja yenyewe ikakaa juu yake. Kichwa kikisogea kidogo, nukta nayo husogea kwenye kioo, lakini mahali inapoelekeza hapabadiliki sana.

Fikra hiyo ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Howard Grubb, mtengeneza darubini za nyota wa Dublin, aliieleza mwaka 1900. Ilingoja taa ndogo na betri ndogo. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kioo cha kwanza cha namna hii kwa wawindaji, na mwaka 1997 jeshi la nchi kavu la Marekani likakichukua rasmi. Aina ndogo za leo hazifiki gramu 100 bila ya kikalio chake, yaani nyepesi kuliko chungwa la wastani, na betri moja ya duara, kama ya saa, huweza kukiwasha kwa miaka.

Kwa mzee kama mimi, ambaye kijiti cha mbele kimekuwa ukungu pamoja na kila kitu kilicho karibu, hiki kilipaswa kuwa neema. Rafiki mmoja aliyekuwa na kibali cha kuwinda alipata kunishikisha chake miaka ya nyuma. Nilikiinua, nikatazama mti ng'ambo ya bonde, nikaona nyekundu. Lakini haikuwa nukta. Ilikuwa karafuu: kichwa kidogo cha duara, na kikonyo kinachoteremka upande wa kushoto.

Nilidhani chombo ni kibovu. Mwenyewe akakitazama, akaniambia nukta ni duara kamili. Usiku wa siku chache baadaye, nikiwa Kagunga, nilitoka nje kuwatazama wavuvi. Ilikuwa giza la mwezi, wakati wa dagaa, na ziwa lilikuwa limejaa taa tangu mbele ya nyumba yetu hadi upande wa Burundi, ambako huwezi tena kujua taa ipi ni ya taifa lipi. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri, nyeupe na kali zaidi. Nikazitazama moja moja. Kila taa ilikuwa na kikonyo, na vikonyo vyote vilielekea upande mmoja, kushoto chini. Nikafumba jicho la kulia: vikonyo vikahamia upande mwingine. Mtu aliyekulia kwenye mashamba ya mikarafuu, ambaye utotoni alikaa jamvini kuchambua karafuu na makonyo, hawezi kuikosea sura ile. Ziwa zima lilikuwa limeanikwa karafuu.

Daktari wa macho aliniambia baadaye kwamba sehemu ya mbele ya jicho langu haikuviringana sawasawa kama mpira, bali imepinda kama ubavu wa yai, na hali hiyo wanaiita astigimatizimu. Ni ya kawaida sana, wengi wanayo na hawajui, na mara nyingi hufuata ukoo. Baba yetu alikuwa akisema nyota zina mikia. Sisi watoto tulidhani anatunga.

Basi dada yangu alikuwa na haki katika nusu ya neno lake. Inawezekana sana kwamba macho ya mpwa wangu ni yale yale, na kwamba ile nukta nyepesi anayoitamani itamwotea kikonyo. Nusu ya pili ndiyo iliyokuwa uongo, kwa sababu vipo vioo vya namna nyingine: darubini fupi za prizimu, ambazo alama yake imechongwa kwenye kioo chenyewe na hubaki kali hata kwa macho kama yetu. Huwa nzito mara mbili au tatu ya ile ya nukta, lakini zipo, na muuza silaha yeyote anazo kabatini. Kumwambia "hakuna" kungekuwa kumfungia mlango kwa ufunguo wa macho ya babu yake.

Kulikuwa na jambo jingine lililonizuia, nalo linatoka mbali kidogo. Hapo Ujiji, safari ya saa chache tu kwa boti kutoka Kagunga, misafara ya pwani ilikuwa ikiingia kwa kupiga bunduki hewani ili mji ujue kuna wageni. Stanley naye aliingia hivyo mwaka 1871. Nyingi ya bunduki za biashara zilikuwa magobore yenye mitutu isiyochongwa mifuo ndani, silaha zenye mlio mkubwa na shabaha ndogo. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, Zanzibar ikiwa miongoni mwa waliotia saini, yakakubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingizwe katika eneo kubwa la Afrika. Mkataba ule ulijulikana kwa kupinga biashara ya watumwa, na lengo hilo lilikuwa jema. Lakini isome orodha yake ya makatazo. Kilichokatazwa hasa ni bunduki zenye mifuo, yaani zinazoweza kulenga. Gobore la jiwe na baruti ya kawaida viliweza kuendelea kuuzwa kwa masharti. Waliandika, kwa lugha ya mikataba, kwamba Mwafrika anaweza kubaki na kishindo, ila shabaha asipewe. Miaka michache baadaye mitutu yenye mifuo ilikuwa mikononi mwa majeshi ya kikoloni kila upande wa ziwa.

Sisemi kwamba dawa ya dhuluma ile ni bunduki nyuma ya kila kaunta. Nimeziona nyingi mno. Lakini sikutaka kuwa mtu mwingine wa kuamua, kwa hila ya maneno, nani apewe kuona vizuri na nani asipewe.

Nilipofika hapo katika mawazo yangu niliona raha, kama mtu aliyepata kina alichokuwa akikitafuta. Nikaanza hata kujipangia hoja nzuri: kwamba kioo hiki kwa hakika ni cha huruma kuliko chuma cha zamani, kwa kuwa kinamlazimisha mpigaji amwone mtu usoni, na anayemwona mtu usoni atasita. Upande wa kusini wa kijiji chetu kuna mfano wa kuisaidia hoja hiyo. Mnamo Julai 1960 Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alishuka Gombe akiwa na miaka 26 na darubini iliyokwisha tumika, akakaa kileleni siku baada ya siku akiwatazama sokwe tu. Mwaka ule ule aliwaona wakichuma vijiti na kuvitengeneza ili kuvulia mchwa, na wataalamu wakalazimika kuutafakari upya mpaka waliouchora baina ya mtu na mnyama. Alitazama kwa muda mrefu mpaka shabaha ikawa shabihi. Hoja nzuri, nami niliipenda.

Ikavunjwa na kumbukumbu ya mzee mmoja.

Mwezi wa Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya nchini mwao walishuka Kagunga kwa miguu na kwa mitumbwi, katika ufuo ambao wenyeji wenyewe hawautoshi. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, ambayo ndiyo ile Graf von Götzen ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916 na kuopolewa mwaka 1924, ikawa inatia nanga mbali kidogo na kuwapeleka watu Kigoma, mamia kwa kila safari. Mke wangu alipika uji, mimi nilibeba maji. Mzee huyo aliketi chini ya ukuta wetu siku mbili akingoja zamu yake. Alizungumza Kiswahili safi cha Ujiji, na aliniambia, bila ya kuulizwa, kuhusu kijana aliyemlenga njiani. "Tulitazamana," alisema. "Tulikuwa hatua kama kumi. Namjua, ananijua, tulikuwa tukinunua dagaa kwa mama mmoja. Akanitazama vizuri kabisa. Kisha akapiga." Risasi ilipita pembeni. Nilimuuliza, kwa mazoea ya kazi yangu, kama alidhani kijana alikosea kwa makusudi. Mzee alifikiri kwa muda mrefu. Akasema: "Hapana. Hakuwa na shabaha."

Kwa hiyo hoja yangu ya huruma ya kioo niliiacha chini ya ukuta ule. Kuona ni kuona tu. Anachokifanya mtu baada ya kuona hakimo ndani ya chombo.

Nikamwandikia mpwa wangu. Nilimwandikia kwa Kiswahili kirefu, kama barua za zamani, na sehemu ya barua hiyo ilikuwa hivi.

Kwanza, nenda nje usiku wa leo, simama mbali na taa ya barabarani, uitazame kwa jicho moja moja. Ukiona duara, chukua chepesi. Ukiona karafuu, usikinunue hata ukipewa kwa nusu ya bei, na usidanganywe na picha ya simu: kamera italiona duara, wewe utaona kikonyo, na kwa mkono unaotetemeka kikonyo kitakuchagulia mahali pasipo.

Pili, usijisumbue na ukubwa wa nukta. Wauzaji watakutajia dakika mbili, dakika nne. Hizo ni dakika za digrii, na dakika moja kwa masafa ya mita 100 ni kama sentimita tatu. Kutoka kaunta yako hadi mlangoni hazizidi mita kumi. Kwa masafa hayo nukta hizo ni kama kifungo cha shati au pungufu. Ukumbuke tu kwamba kioo hukaa sentimita sita au saba juu ya mtutu, kwa hiyo kwa karibu risasi hupita chini ya pale unapoiona nukta. Kama hujazoezwa na mkufunzi wa huko huko, tena mara nyingi, maneno yangu yote hayana maana.

Tatu, nilimwuliza swali ambalo kambini tuliliuliza kabla ya risasi ya kwanza ya kila siku: nyuma ya shabaha kuna nini? Kiwanja chetu cha shabaha kilikuwa na kilima kilichojengwa kwa ajili hiyo. Kagunga, milima iko nyuma ya kila kitu. Kwenye duka lako, kwa picha ulizoniletea siku ulipofungua, mlango una kioo, na ng'ambo ya barabara kuna nyumba ya ghorofa yenye baiskeli za watoto uani. Ukuta wako wa kushoto ni wa mbao nyembamba, na nyuma yake anakaa yule mama uliyeniambia hukuletea chakula siku za mfungo. Risasi ya bunduki, hata ya mtutu mfupi, haiishii kwa aliyekusudiwa. Hakuna kioo kinachouzwa, chepesi au kizito, kinachomwonesha mtu hayo. Kama jibu lako ni kwamba unahitaji kitu cha kukulinda usingizi, tafuta kwanza kufuli nzuri ya mlango, mtu wa pili wa kufunga naye duka, na sanduku la chuma la kufungia hiyo silaha, maana una mtoto wa miaka minne.

Sikumwambia anunue wala asinunue. Dada yangu nilimpigia mimi mwenyewe, nikamsomea barua yote. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, kama inavyotokea Kagunga, ambako simu yangu kila mara hudhani imevuka mpaka. Kisha akaniuliza: "Hiyo karafuu, ni kweli baba alikuwa akiiona?" Nikamwambia mimi naiona. Akasema basi na yeye anaiona, tangu usichana wake, ila alidhani ndivyo taa zilivyo.

Mpwa wangu alijibu baada ya siku tano. Ameona vikonyo, macho yote mawili, la kulia zaidi. Amekwenda kwa daktari wa macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu atoke skuli, na amekatiwa miwani. Alinipelekea picha yake ameivaa, amesimama mlangoni kwa duka usiku, na maneno: "Mjomba, taa zote zimekuwa duara." Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, ile ghorofa ilikuwa imewashwa taa madirisha karibu yote.

Kuhusu bunduki hakusema kitu, nami sijamuuliza. Mama yake ndiye anayeuliza, kila Ijumaa baada ya swala, na kila Ijumaa humjibu kwamba mtoto amenunua miwani.